Chungu cha Mama: siku nane Rungwe na Matema

Tumerudi wiki mbili sasa. Matope ya Ngosi bado hayajatoka kwenye viatu vya binti yangu, na mimi ndiyo kwanza napata nafasi ya kukaa na daftari la matumizi, stakabadhi zilizokunjamana, na picha mia tatu na kitu za simu ya mume wangu, ambazo nyingi zina kidole chake pembeni.

Kabla ya kuondoka

Safari ilianza kwa chungu. Mama yangu aliishi Kyela miaka ya themanini, na mpaka leo hakubali kwamba maharage ya sufuria ni maharage. Chungu alichorudi nacho kilipasuka mwaka juzi, na tangu hapo kila tukimtembelea tunapewa msiba wake upya. Tulipomwambia tunataka kumpeleka mtoto likizo ya Juni mahali penye maziwa na milima, tulale kwenye mabanda badala ya gesti za mjini, hakuuliza ni wapi. Alisema, "Matema soko la vyungu ni Jumamosi. Msiniletee cha dukani."

Basi ratiba nzima tuliihesabu kutoka Jumamosi kurudi nyuma. Jumamosi lazima tuwe Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Kwa hiyo Ijumaa ni siku ya kushuka. Kabla yake siku mbili Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, ili Alhamisi tupande Ngosi, ziwa lililo kwenye shimo la volkeno. Na kwa kuwa kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, Jumanne yote ni ya basi. Nawashauri wengine wapange hivyohivyo: shika siku moja isiyohamishika, nyingine zijipange zenyewe.

Kilichotusumbua ni mzigo. Ukingo wa Ngosi uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Matema haifiki hata mita 500. Ni safari moja yenye sweta na chandarua. Mume wangu akang'ang'ania pia hema la kuazima kazini kwake, kilo nne na nusu. Nilimuuliza hema la nini na mabanda tumeshalipia. Akasema, "Likae tu." Nilimcheka mbele ya mtoto. Hilo tutalirudia.

Siku ya 1. Jumanne, 18 Juni: Dar – Uyole

Saa kumi na moja alfajiri tupo stendi ya Magufuli, Mbezi. Nauli 50,000 kwa kichwa, na mtoto tulimlipia kiti chake kwa sababu ana miaka tisa na miguu kama ya korongo. Morogoro tulipita amelala. Akaamkia Mikumi, ambako barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita kama 50, akahesabu twiga sita, pundamila wasiohesabika, na nyani mmoja aliyekaa juu ya kibao cha kukataza kuwalisha nyani. Ruaha Mbuyuni watu walinunua vitunguu kupitia madirishani kana kwamba Mbeya hakuna vitunguu, kisha tukapanda Kitonga nyuma ya malori, mwendo wa konokono, wote tukitazama korongoni bila kusema kitu.

Baada ya Mafinga, katikati ya misindano ya Sao Hill, basi likatoa moshi mweupe. Paipu ya rejeta imepasuka. Saa kumi jioni, mwezi wa Juni, nyanda za juu: baridi yake inaingia kwenye meno. Sweta zetu zilikuwa kwenye buti, chini ya vitunguu vya watu. Tulikaa pale saa tatu. Mama mmoja wa kibanda cha chai, ng'ambo ya barabara, alimwona mtoto anatetemeka, akavua kitenge chake cha mgongoni na kumfunga nacho kama mtoto mchanga. Tulipotaka kumrudishia akasema, "Nendeni nacho, mwanangu, mtakapopita kurudi mtaniletea." Chai ilikuwa 300 kikombe. Nikaandika kwenye daftari: *kitenge cha kijani, kibanda chenye bati la bluu, upande wa kulia ukitoka Dar.*

Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, tuliingia saa sita usiku. Gesti 25,000, maji ya moto kwenye ndoo. Sweta ziwekwe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye buti. Naliandika hili kwa uchungu.

Siku ya 2. Jumatano: Uyole – Tukuyu

Uyole ndipo njia ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara ya Zambia, na kosta hazikatiki. Nauli 5,000. Kosta hujaa kwanza ndipo iondoke, na "kujaa" ni neno la konda, siyo la mtengenezaji wa gari. Nilikaa na ndoo ya viazi mviringo magotini, ya dada niliyekutana naye dakika hiyo hiyo. Kila upande ni viazi, kabeji, karoti, udongo mweusi kama masizi. Ukishapita Kiwira mashamba yanabadilika: migomba, chai, parachichi, na Mlima Rungwe upande wa kushoto umejifunika wingu mpaka mabegani. Mlima huo una urefu wa karibu mita 2,960, na ni volkeno iliyolala. Kwenye msitu wake anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 2003. Wawindaji wa huko walikuwa na jina lake siku nyingi.

Banda letu lilikuwa la mbao, kwenye shamba la familia moja nje kidogo ya mji, 60,000 kwa usiku bila chakula. Vitanda viwili, blanketi nne, choo cha nje, taa moja, na dirisha linalotazama chai. Mvua ilianza saa nane mchana. Watu wa Tukuyu hawaikimbii mvua, wanatembea ndani yake wakiendelea na mazungumzo yao. Mke wa mwenye shamba alitupikia ndizi mbalaga na nyama, 6,000 sahani, na sahani moja ilitosha watu wawili.

Usiku baridi ikazidi. Tukaingiza jiko la mkaa ndani, tukafunga mlango. Haikupita robo saa, mzee mlinzi akagonga.

"Hodi. Moshi naona dirishani hakuna, lakini mkaa nausikia harufu. Mmeingiza jiko?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, mtoto anaona baridi."

"Marahaba. Litoeni. Mtoto mpeni blanketi langu. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa haliulizi nani ana baridi."

Alilichukua mwenyewe kwa mikono yake migumu, akaliweka barazani, akakaa nalo huko. Nililala nikiwa na aibu, maana habari za familia zinazokutwa zimekufa kwa mkaa nimezisoma gazetini zaidi ya mara moja.

Siku ya 3. Alhamisi: Ngosi

Kosta ya kurudi hadi Isongole 2,500, halafu bodaboda mpaka mwanzo wa msitu, 5,000 kila pikipiki. Mtoto tulimbana katikati yetu. Msitu uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio kinalipwa kwa kontroli namba kupitia simu. Mtandao pale ni wa kubahatisha, kwa hiyo salio la kwenye simu liwepo kabla hujatoka mjini. Kiongozi tulimpata kijijini, kijana Msafwa, 20,000 kwa kundi zima. Mchukueni hata kama njia inaonekana. Siyo kwa ajili ya kupotea, ni kwa ajili ya matope.

Matope hayo nataka niyaeleze. Juni si masika, lakini chini ya miti ile jua halifiki, na njia imechimbwa na miguu ya watu mpaka imekuwa mfereji. Unaweka mguu, unazama mpaka kifundoni, unauvuta, mguu unatoka na kiatu kinabaki. Kiongozi alikuwa na buti za mpira, sisi tulikuwa na raba za Kariakoo. Akakata mianzi mitatu, moja fupi kwa ajili ya mtoto, na kuanzia hapo binti yangu akawa ndiye anayetusubiri kila kona huku ameegemea fimbo kama mzee wa baraza. Kuna migomba mwitu humo ndani, mikubwa, isiyozaa ndizi za kula. Kuna mahali mianzi inafunga juu kabisa na unasikia matone tu.

Baada ya saa moja na dakika arobaini njia ikaisha ghafla, na mbele yetu pakawa peupe. Ukungu. Siyo ziwa, siyo shimo, ni ukungu mtupu kama mtu amening'iniza shuka. Mume wangu akapiga picha ya shuka.

Tukakaa, tukala mayai na karanga. Kiongozi akasimulia yale yanayosimuliwa siku zote: kwamba ziwani kuna nyoka mkubwa, kwamba maji hubadilika rangi, kwamba wazee walikuwa wakiyachota kwa dawa. Mtoto akamuuliza kama yeye amewahi kumwona. Akajibu, "Mimi hapana. Lakini sijawahi kuogelea." Kisayansi, Ngosi ni ziwa lililojaa kwenye shimo la volkeno, lina urefu wa kama kilomita mbili na nusu, na halina mto unaotoka. Chini yake bado kuna joto, ndiyo maana kuna mradi wa jotoardhi eneo hilo.

Baada ya kama dakika hamsini upepo ukaja kutoka upande wa pili. Shuka likafunguka kuanzia chini: kwanza mstari wa maji, kijani cha maziwa, chini sana kuliko nilivyofikiri, halafu kuta za msitu zinazoteremka wima pande zote, halafu ukingo wa ng'ambo. Hakuna mtumbwi, hakuna nyumba, hakuna moshi. Kwa kama dakika kumi tuliliona lote. Likajifunga tena. Ziwani kwenyewe hatukuteremka. Njia ni ya kushika mizizi, na tulikuwa na mtoto. Wanaotaka kushuka waanze asubuhi mapema na waache jeuri ukingoni.

Siku ya 4. Ijumaa: Masoko, halafu chini

Tulikuwa tumekodi Noah itupitishe Ziwa Masoko kisha itushushe Matema, 120,000. Makubaliano saa moja asubuhi. Saa tatu dereva hapokei simu. Saa tatu na nusu akatuma ujumbe kwamba amepata "dharura ya Mbeya", yaani abiria wa bei nzuri zaidi. Mwenye banda akapiga simu kwa shemeji yake mwenye pikapu ya kubebea ndizi, na saa tano tukawa tumepanda, mimi na mtoto mbele, mume wangu nyuma juu ya mikungu. Alitutoza 80,000. Tulipojaribu kumwongezea alicheka.

Masoko ni ziwa dogo la mviringo, kimya, miti mpaka majini. Kando yake kuna jengo la mawe la Wajerumani, na wenyeji husimulia kwamba wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani waliokimbia walitumbukiza mali na silaha humo. Kijana mmoja alitaka kutuuzia sarafu ya kutu. Tope la chini ya ziwa hilo lina hazina nyingine: wanasayansi wamelichimba na kusoma humo habari za mvua na ukame za zaidi ya miaka 40,000. Mtoto akauliza kama mvua ya juzi imo. Imo, nikamwambia, juu kabisa.

Tukarudi barabara kuu, tukateremka. Kila baada ya kona unavua kitu: kwanza koti, halafu sweta, halafu soksi. Njia ya Matema inakatia Kikusya kupitia Ipinda, lami ya kilomita kama 39, na pembeni watu wameanika kakao kwenye mikeka. Harufu yake ilinishangaza: siyo ya chokoleti hata kidogo, ni ya siki na pombe. Shemeji alisimama, akamwomba mama mmoja tunda bichi, akalipasua kwa jiwe. Ndani mbegu zimevaa nyama nyeupe, tamu kama stafeli. "Ndaga fijo," binti yangu akamwambia yule mama, maneno ya shukrani aliyofundishwa Tukuyu, na yule mama akamwongezea mawili.

Matema tulifika saa kumi na mbili jioni. Banda letu, tulilotanguliza 50,000 kwa simu, lilikuwa na watu ndani. Semina. Kijana wa mapokezi akatazama daftari lake, akatazama dari, akatazama ziwa. Jina letu lilikuwepo, chumba hakikuwepo. Sehemu nyingine mbili tulizoulizia zilijaa pia.

Sikumtazama mume wangu. Yeye naye, Mungu ambariki, hakusema neno. Alifungua begi, akatoa hema.

Mama mpishi wa pale ndiye aliyetuonyesha pa kulisimika: chini ya mwembe, mbali kidogo na maji, siyo kwenye mchanga wazi, kwa sababu msimu huo upepo wa kusini huja usiku na kuvuruga kila kitu. Akatuletea mikeka miwili na samaki mbasa wa kukaanga na wali wa Kyela, ule unaonukia kabla sahani haijafika mezani. Usiku upepo ukaja kweli. Mawimbi yalipiga kama ya Bahari ya Hindi, na hema likapumua ndani nje, ndani nje, lakini halikung'oka. Asubuhi kijana wa mapokezi alirudisha hela zote na kutupa banda la mwisho lililoachwa wazi, lisilo na komeo. Mkitanguliza malipo, pigeni simu tena siku moja kabla. Na hema likae tu.

Siku ya 5. Jumamosi: Lyulilo

Kutoka Matema unatembea ufukweni kuelekea mashariki, mlima ukizidi kukusogelea mpaka unabaki ukanda mwembamba wa mchanga kati ya jabali na maji. Hapo ndipo Lyulilo. Wanawake wa Kikisi huja na vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, upande wa pili wa rasi, na tulipofika saa mbili walikuwa bado wanapakua: chungu ndani ya chungu, nyasi kavu katikati, mtumbwi mzima umejaa na maji yamebakiza kiganja kimoja kuingia. Hakuna aliyeonekana kuwa na wasiwasi ila mimi.

Nilimwambia bibi mmoja kwamba mama yangu ametaka cha maharage. Hakunionyesha vilivyopambwa mbele. Alitoa kimoja cha nyuma, chenye tumbo pana na mdomo uliokunjwa kidogo, chepesi kuliko nilivyotarajia. Akakipiga kwa kifundo cha kidole. Kikalia, mlio mrefu. Akachukua kingine kinachofanana nacho kabisa, akakipiga: *tap*, mlio mfupi, umekatika. "Hiki kimeumwa," akasema. Mimi nilikigeuza nikakitazama kila upande, ufa sikuuona. Kisha akaniambia nikiinue juani nichungulie ndani, nikiona nyota nisinunue. Sikuona nyota.

Kikubwa 8,000, cha kati 5,000, kidogo cha mtoto 2,000. Sikuomba punguzo. Nilijaribu kusema "bibi, nipunguzie," akanitazama, akaniuliza nimetoka Dar na basi la shilingi ngapi.

Alivifunga kwa majani makavu ya mgomba. Maelekezo: siku ya kwanza usipike kitu ila uji, uchemke taratibu, upoe humohumo, ndipo umwage.

Siku ya 6. Jumapili

Kwaya asubuhi, kuogelea, usipa (dagaa wa ziwani), usingizi. Kuhusu kuogelea: kaeni mbali na midomo ya mito, mamba wapo, na ulizeni wenyeji ni wapi wanapoogea watoto wao. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, kwa hiyo tulipofika Dar tulikwenda kupima. Mbu wa jioni hawana utani; chandarua chetu kilifaa.

Siku ya 7 na 8. Jumatatu na Jumanne: kurudi

Gari la kwanza kutoka Matema liliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chungu kikubwa nilikipakata mimi, kidogo mtoto, cha kati kikawekwa chini ya kiti. Ipinda akapanda mtu na dumu la mawese, konda akalisukuma chini ya kiti bila kuuliza, nikasikia sauti ambayo sasa nilikuwa naijua: *tap*.

Tulilala Uyole, asubuhi tukapanda basi. Baada ya Makambako nilikwenda kukaa na dereva kwenye kiti cha pembeni, nikamweleza habari ya bati la bluu. Alipunguza mwendo kuanzia alama za Mafinga. Kibanda tulikiona, sasa upande wa kushoto. Alisimama dakika moja kamili, abiria wakinung'unika. Mume wangu akakimbia na kitenge, kilo mbili za mchele wa Kyela zimefungwa ndani yake. Yule mama hakuwepo. Alikuwepo binti yake, akapokea, akatupungia na kitenge hichohicho.

Jumla yetu watu watatu, siku nane, ilikuwa 948,000, pamoja na vyungu na bila parachichi, ambazo tulipewa bure kila mahali mpaka tukaanza kuzigawa kwa abiria.

Jumatano jioni tulimpelekea mama. Hakutusalimia sawasawa. Alikaa kwenye kigoda, akafungua majani, akakipiga kikubwa kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akakipiga tena. Akakipiga cha kati, akakiweka pembeni: "Hiki cha maua." Kisha akaona kile kidogo mikononi mwa mjukuu wake.

"Na hicho?"

"Changu, bibi."

"Lete nikisikie."

Mtoto akakishika yeye mwenyewe karibu na sikio la bibi yake, akakipiga.